Kukagua Nyaraka za Mradi kwa Programu ya Terminali

Msimbo ukiharibika, kompaila (programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya kompyuta) hugoma au jaribio hufeli, na aliyeuandika hujua siku hiyo hiyo. Mwongozo ukiharibika hakuna kinachogoma: faili la README, yaani la maelezo ya kwanza ya mradi, huendelea kusomeka vizuri, huku likimwelekeza msomaji kwenye folda iliyokwisha kuhamishwa au likimpa amri ambayo haipo tena katika toleo la sasa. Ndiyo sababu kila mradi ninaousimamia nauwekea programu ya terminali, yaani inayoendeshwa kwa amri za maandishi, inayopitia mafaili yote ya Markdown (maandishi yenye alama nyepesi za muundo) kabla badiliko lolote halijapokelewa, na hapa nataka kueleza ni mambo gani ninayoikabidhi na yapi ninayoinyima.

Kigezo changu ni kimoja: programu izuie badiliko pale tu inapokuwa na hakika kwamba kuna kosa, na pale inapokisia itoe onyo bila kuzuia kazi. Nilifikia msimamo huu baada ya kuwasha kanuni zote za markdownlint, programu inayokagua uandishi wa Markdown, kwa mpigo katika mradi wa zamani. Yalitoka mamia ya maonyo, mengi yakihusu mistari iliyozidi herufi 80, ambazo ndizo ukomo wa kawaida wa kanuni ya MD013, na ndani ya rundo hilo kulikuwa na viungo vilivyokufa ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyeviona. Mstari mrefu haumpotezi msomaji; kiungo kilichokufa humpoteza.

Kwa hiyo naanza na viungo vya ndani ya mradi, kwa sababu hapo hakuna la kukisia: faili lipo au halipo. Hata hivyo, kuna mitego miwili. Wa kwanza ni herufi kubwa na ndogo. Mwandishi anayetumia Windows au macOS akiandika kiungo cha «Mwongozo.md» ilhali faili linaitwa «mwongozo.md», kwake kwa kawaida litafunguka, kwa kuwa mifumo hiyo haitofautishi herufi hizo isipobadilishwa mipangilio; likifika kwenye seva ya Linux, halionekani. Programu nzuri hulinganisha majina herufi kwa herufi na orodha ya mafaili iliyomo ndani ya Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mradi), badala ya kuuliza tu kama faili linafunguka. Mtego wa pili ni viungo vinavyolenga kichwa cha sehemu. GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya msimbo, hugeuza kichwa «Jinsi ya Kusakinisha» kuwa «#jinsi-ya-kusakinisha», hivyo mtu akiboresha maneno ya kichwa hicho, kila kiungo kilichokilenga hufa. Nauona huu kuwa mtego mbaya kuliko wa kwanza, kwani kivinjari hakitoi kosa lolote: hufungua ukurasa juu kabisa, na msomaji hudhani ndipo alipotakiwa kufika. Katika markdownlint, kanuni ya MD051 ndiyo inayonasa kosa hili ndani ya faili moja.

Viungo vya nje ni suala jingine. Jibu la seva la 404, yaani ukurasa haupatikani, lina uzito, lakini 429 linamaanisha tu kwamba tumeuliza mara nyingi mno, 503 kwamba seva imelemewa kwa muda, na 405 huenda likaonyesha kwamba seva inakataa ombi la HEAD (la taarifa za ukurasa tu) ingawa ingelijibu la GET (la ukurasa wenyewe). Si haki badiliko la mchangiaji likwame kwa sababu seva ya mtu mwingine imezimika. Natumia lychee, programu ya kukagua viungo, kwa chaguo la --offline (bila kugusa mtandao) katika kila badiliko, kisha ukaguzi wa viungo vya nje naupangia ratiba yake mara moja kwa wiki.

Mifano ya msimbo nayo inastahili kuendeshwa, si kusomwa tu. Lugha ya Python ina doctest, zana ya kujaribu mifano iliyomo katika maandishi, tangu toleo la 2.1 la mwaka 2001: amri ya «python -m doctest README.md» husoma mistari inayoanza na alama >>>, huiendesha, kisha hulinganisha matokeo na yale yaliyoandikwa. Ufasaha wa lugha, kwa upande wake, nauacha kwa binadamu.

Hatimaye kuna namna programu inavyotoa jibu. Hali ya kutoka, yaani namba ambayo programu huirudisha inapomaliza, iwe 0 nyaraka zikiwa salama, 1 likipatikana kosa, na 2 programu yenyewe ikishindwa kufanya kazi, kwa mfano faili lake la mipangilio lisiposomeka. Zikichanganywa hizi mbili za mwisho, watu hutafuta kosa katika mwongozo usio na kosa. Ujumbe nao utaje faili, namba ya mstari, na jina lililo karibu zaidi na lile lililokosekana: «kichwa #kusakinisha hakipo, kilichopo ni #jinsi-ya-kusakinisha». Mchangiaji mgeni akipata ujumbe wa namna hiyo, hurekebisha kiungo chake mwenyewe kabla sijalifungua badiliko lake kulipitia.