Sensa na mpango wa mji: Goma inapangwa kwa hesabu ipi?

Sensa ni kuhesabu watu wote wa nchi, mmoja mmoja, kwa wakati mmoja, ndani ya mipaka inayojulikana. Wengi wetu tunaishia kwenye jumla, kwamba nchi ina watu milioni kadhaa, na magazeti yanaandika hiyo tu. Kwa mtu anayepanga mji, jumla hiyo karibu haina kazi. Anachotafuta ni majedwali madogo yaliyo chini yake: kartie hii (mtaa) ina watoto wangapi wa miaka sita, avenii ile (barabara ya mtaani) ina kaya ngapi zinazochota maji nje ya parseli (kiwanja chao), nyumba ngapi zinatumia choo kimoja, wangapi wanapika kwa makaa. Sensa nzuri inafika mpaka huko. Ndiyo maana kabla karani hajabisha hodi mlango wa kwanza, kazi kubwa huwa imekwisha fanyika, nayo ni ramani. Nchi nzima inakatwa vipande, kila kipande kikiwa na nyumba zinazomtosha karani mmoja, ili nyumba moja isihesabiwe mara mbili na nyingine isirukwe.

Kongo ya Kinshasa ilifanya sensa yake ya mwisho tarehe 1 Julai 1984. Watu walikuwa takribani milioni 30. Makadirio ya leo yanapita milioni 100. Goma, mji wa mashariki ulio mpakani na Rwanda, mwaka huo haikufika watu laki moja. Haikuwa hata makao makuu ya mkoa, kwa sababu Kivu ilikuwa moja na mji wake mkuu ni Bukavu. Kivu Kaskazini ilizaliwa 1988. Sensa ya pili imetangazwa mara nyingi tangu hapo, haijafanyika. Mtoto aliyehesabiwa akiwa mgongoni mwa mama yake mwaka ule leo ni mzazi wa watoto ambao hakuna sensa iliyowahi kuwagusa. Na ukivuka Petite Barrière, kivuko cha mpaka, kwa miguu unaingia Rubavu ya Rwanda, ambako watu wamehesabiwa mwaka 1991, 2002, 2012 na 2022. Nyumba za pande mbili karibu zinagusana kuta.

Sababu zinazotajwa ni pesa, vita na umbali wa vijiji. Zote ni za kweli, lakini mimi naona siasa ndiyo nzito zaidi, maana hesabu ya watu ikishachapishwa kuna mkoa utakaojikuta mdogo kuliko ulivyojisifu. Nchi iliyoandikisha wapiga kura mara nne tangu 2005, na safari ya mwisho ikafika karibu milioni 44, haiwezi kusema kwamba barabara mbovu ndizo zilizoizuia.

Sasa, namba inageukaje kuwa bomba la maji? Tuseme kartie moja ya komini (sehemu ya mji) ya Karisimbi, hapa Goma, imeandikwa kuwa na watu 40,000. Mashirika ya misaada, wakati wa dharura, yanashika kiwango cha chini cha lita 15 kwa mtu kwa siku na robine moja (bomba la kuchotea) kwa watu wasiozidi 250. Basi kartie hiyo inahitaji lita 600,000 kila siku na robine 160. Lakini tuseme watu halisi ni 60,000. Robine ni zilezile 160, ila kila moja sasa inabeba watu 375, na foleni ya bidoni (madumu ya maji) inaanza kabla ya mapambazuko. Fundi hakukosea popote. Upana wa bomba ni sahihi, nguvu ya pampu ni sahihi, kwa mji ambao haupo.

Kwa Goma kosa la aina hii linauma kuliko kwingine. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano, mvua inazama mara moja, mito hakuna. Maji ya Regideso, shirika la maji la serikali, yanapandishwa kutoka ziwani kwa pampu na umeme, kwa hiyo watu 20,000 waliosahauliwa hawawezi kujichimbia kisima nyuma ya nyumba. Wanateremka ziwani na bidoni zao, na kipindupindu kinajua njia hiyo tangu zamani. Choo nacho ni hivyohivyo: kuchimba shimo kwenye mwamba ni kazi ya tindo na nyundo kwa siku nyingi, ni gharama, na kaya kadhaa zinaishia kutumia kimoja. Swali la sensa ambalo watu hulicheka, «choo chenu mnatumia kaya ngapi?», kwa Goma lina uzito kuliko swali la kazi unayofanya.

Shule zinapangwa kwa jedwali la umri. Unachukua watoto wote wa miaka 6 mpaka 11, unatoa walioandikwa shuleni, unaobaki nao ni watoto walio nyumbani au sokoni. Ni hesabu ya kutoa tu, mwanafunzi wa darasa la tatu anaiweza, lakini inahitaji ile namba ya kwanza. Mwaka 2019 serikali ilipotangaza kwamba shule za msingi za umma ni za bure, madarasa yalifurika na benchi zikakosekana. Watoto wale hawakuzaliwa Septemba ile shule zilipofunguliwa. Walikuwepo miaka yote. Ila hakuna karatasi iliyosema wako wangapi na wako kartie gani.

Hata panapokuwa na sensa, umri una vituko vyake. Watu wengi hawajui mwaka waliozaliwa, basi wanasema 30, 35, 40. Mtakwimu akichora mchoro wa umri anakuta vilima kwenye miaka inayoishia na sifuri au tano, na mabonde kwenye 31 na 39. Anaviona, anavisawazisha. Ni kasoro inayojulikana na ina dawa.

Isiyo na dawa ni kusukuma mbele namba ya zamani. Pasipo sensa mpya, ofisi zinachukua ile ya 1984 na kuiongezea asilimia fulani kila mwaka. Jaribu mwenyewe: anza na watu 100,000, wakuze kwa asilimia 3 kwa mwaka, baada ya miaka 40 una kama 326,000. Kwa asilimia 4 una 480,000. Kwa asilimia 5 una zaidi ya 700,000. Ofisi mbili zikitofautiana kwa asilimia mbili tu, zinapanga miji miwili, mmoja ukiwa zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Ndiyo sababu utasikia mtu anasema Goma ni milioni moja na mwingine anaapa ni mbili, na kila mmoja ana karatasi mkononi.

Tena hesabu hiyo inaamini kwamba mji unakua polepole, kwa uzazi na wageni wachache wa kila mwaka. Goma haijawahi kukua hivyo. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia ndani ya siku chache. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika katikati ya mji na wenye nyumba wakajenga upande mwingine. Baadaye vita vya Masisi na Rutshuru, maeneo ya jirani, vikaleta watu kwa awamu, mpaka kambi za 2023 na 2024 zikauzunguka mji. Na mwanzoni mwa 2025, kundi la waasi la M23 lilipouteka mji, kambi hizo zikafungwa ndani ya wiki chache. Asilimia gani kwa mwaka itaeleza hayo?

Kwa hiyo watu wa mipango wanaokoteza hesabu nyingine. Hapa ndipo inabidi kuwa mwangalifu, kwa sababu kila hesabu ilifanywa na mtu aliyekuwa na swali lake, na inamwona yule tu anayelijibu swali hilo. Jambo hili si geni kwetu. Wakati wa Wabelgiji, karatasi za utawala ziliwekea wanaume wazima wenye nguvu safu yao peke yao, kwa sababu hao ndio waliotozwa kodi na kupelekwa kazini. Wazee wa kwetu waliona kitabu cha karani wakaingia porini, na walikuwa na haki. Woga huo haujaisha kabisa: hata leo mgeni aliyepanga chumba kartie ya Ndosho hapendi jina lake liandikwe kabla hajajua daftari linakwenda wapi.

Orodha ya wapiga kura inamwona mtu wa miaka 18 na kuendelea. Ni orodha kubwa, na watu wanaikimbilia kwa sababu kadi ya mpiga kura imekuwa kitambulisho chetu cha kila siku. Lakini zaidi ya nusu ya Wakongo hawajafika umri huo. Ukipanga shule kwa orodha ya wapiga kura umewaacha nje wanafunzi wenyewe.

Zoni za afya zinafanya kinyume: zinamtafuta mtoto. Wanaotoa matone ya polio wanapita mlango kwa mlango, wanaacha alama ya chaki ukutani na wino kwenye kidole, na kwa namna hiyo wanaijua avenii kuliko ofisi yoyote. Ripoti zao zinafichua jambo la ajabu. Unaweza kukuta kituo kimeandika kwamba kimechanja asilimia 115 ya watoto wake. Msomaji anacheka, anadhani muuguzi amedanganya. Mara nyingi muuguzi amehesabu sawasawa mikono aliyochoma sindano. Kilichokosewa ni idadi ya watoto waliotarajiwa, iliyotoka kwenye makadirio ya zamani, au kuna akina mama waliovuka kutoka zoni jirani. Mimi naziamini asilimia hizo zisizowezekana kuliko zile zinazotua kwenye 95 kila mwezi, kwa sababu angalau zinaonyesha hesabu imepasukia wapi.

Halafu kuna daftari la shefu wa avenii na la nyumba kumi. Hao wanajua nani amehama, nani amezaa, nani amepangisha kibanda cha uani. Ubora wa daftari unategemea mwenye kalamu, na taarifa za kila mwaka za mji zinajumlisha walio makini na walio wavivu pamoja, bila kusema nani ni nani.

Siku hizi zinatumika pia picha za setilaiti. Kompyuta inahesabu mapaa, watafiti wanatembelea sehemu chache kuhesabu watu walio chini ya kila paa, kisha wanakadiria mji mzima. Kwa Kongo kazi hii imesaidia sana kampeni za chanjo, hasa mahali ambapo vijiji havikuwa kwenye ramani yoyote. Kwa Goma ina upofu wake. Vita vikianza, wengi hawaendi kambini. Wanakwenda kwa shangazi, kwa mkwe, kwa mtu wa kanisa lao. Nyumba ya mbao iliyokuwa na watu saba inalala kumi na tano, na paa lake, likitazamwa kutoka angani, halijabadilika hata bati moja.

Kuna swali jingine ambalo hata sensa kamili inalijibu nusu: mtu ahesabiwe wapi? Sensa humhesabu mtu mahali alipolala usiku uliopangwa, au mahali anapoishi kwa kawaida. Kwa mji wa mpakani hilo linaacha pengo la mchana. Kila asubuhi maelfu kwa maelfu wanavuka Petite Barrière wakiwa na mboga, maziwa na nyanya, na jioni wanarudi. Muuza nyanya anayelala Rubavu ni wa Rwanda kwenye majedwali, lakini choo anachotumia ni cha Birere, upande wa Goma, na uchafu wa kapu lake unabebwa na anayefagia Goma. Ukipanga soko kwa idadi ya wanaolala jirani nalo, utajenga soko dogo. Ukipanga hospitali kwa idadi ya wanaojaa sokoni mchana, utaijenga mahali ambapo usiku hakuna mtu.

Mei 2021 haya yote yalijaribiwa ndani ya siku chache. Nyiragongo ilitema lava jioni ya tarehe 22. Tarehe 27, kwa hofu ya mlipuko mwingine, mamlaka iliamuru kartie 10 kati ya 18 za mji zihame. Mtu anayepanga uhamisho wa namna hiyo anahitaji kujua vitu ambavyo jumla haimwambii: watu wangapi wataingia kwenye barabara moja ya kwenda Sake, wangapi watashuka bandarini kutafuta boti za Minova na Bukavu, wangapi watasukumana mpakani; wagonjwa wako avenii zipi, wazee wasioweza kutembea ni wangapi, nani ana pikipiki au gari. Watu waliondoka kwa wingi wao, na kila aliyefika Sake alihesabiwa akiwa amekwisha fika.

Na Goma yenyewe inaishia wapi? Kwenye karatasi mji una komini mbili, Goma na Karisimbi. Kwa macho, nyumba zinaendelea kaskazini mpaka Munigi na Buhene bila hata uwanja mtupu katikati. Watu wa huko wanafanya kazi mjini, watoto wao wanasoma mjini. Lakini hiyo ni teritware (wilaya) ya Nyiragongo, na kwa utawala ni vijijini. Lava ya 2021 ilisimama Buhene baada ya kuunguza nyumba, na katika hesabu za mji wa Goma nyumba hizo hazikuwemo.