Kufunika kombe: maana yake kiongozi anapouawa

Kila tarehe 7 Aprili husomwa khitma Kisiwandui, Unguja. Viongozi huja, huomba dua kwenye kaburi la Mzee Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, kisha watu hutawanyika. Jioni, pale Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe, dele la kahawa likizunguka, huzuka swali lile lile: nani hasa aliyepanga auawe? Mzee mmoja huweka chini kikombe chake, hugeuka kutazama nani amekaa nyuma, halafu husema kwa sauti ya chini, "Yale yalifunikwa kombe."

Msemo wenyewe ni "funika kombe mwanaharamu apite". Kombe ni sahani kubwa ya chakula. Akipita mtu usiyetaka aone kilichomo, unaifunika, na akishapita unafunua mnaendelea kula. Majumbani msemo huu una stara: mume na mke wanateta, mgeni anapiga hodi, wananyamaza. Kwenye mauaji ya kisiasa stara hiyo hupinduka. Aliyeshika kifuniko ni serikali, na anayesubiriwa apite ni mwananchi.

Kwa maana kamili, kufunika kombe ni wenye mamlaka kuzuia kwa makusudi ukweli wa mauaji usijulikane: kuharibu ushahidi, kutisha mashahidi, kufungia majalada, au kutangaza maelezo wanayojua si kweli. Neno "makusudi" ndilo lenye uzito. Upelelezi wa kizembe haujawa kufunika. Wala anayefunika si lazima awe ndiye muuaji. Pengine anaficha aibu ya ulinzi uliolala, au ya namna watuhumiwa walivyotendewa rumande. Watu wengi huruka hapa: wakiona kitu kimefichwa, papo hapo humtaja muuaji.

Shaka juu ya kifo cha Karume haikuzuka hewani. Alipigwa risasi jioni ya Ijumaa, 7 Aprili 1972, akiwa na wenzake katika makao makuu ya Afro-Shirazi Party (ASP), chama kilichotawala Zanzibar. Luteni Humud Mohamed Humud, aliyetajwa kuwa mmoja wa wapigaji, alikufa jioni ile ile, na mtu wa kwanza ambaye ungetaka kumuuliza akawa hawezi tena kuulizwa. Kesi ikaenda Mahakama ya Wananchi, ambako mshitakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Hukumu ilitoka mwaka 1974. Abdulrahman Babu, aliyewahi kuwa waziri, alihukumiwa kifo bila kuwapo mahakamani. Alikuwa kizuizini Bara, na Mwalimu Nyerere alikataa kumtoa. Akaachiwa mwaka 1978. Sasa wewe kaa barazani ujaribu kuyaunganisha: upande mmoja wa Muungano umemhukumu mtu kifo, upande wa pili umemfungulia mlango akaenda zake.

Je, hayo yanathibitisha kwamba palifunikwa? Kwangu, hapana. Yanathibitisha kwamba ushahidi haukupata kupimwa mbele ya mtu mwenye haki ya kuuliza maswali makali, na hilo peke yake latosha kumfanya mtu mwenye akili timamu awe na shaka. Lakini shaka ni mwanzo wa kuuliza. Anayeitumia kumtia hatiani jirani yake, au ukoo mzima, amefanya dhulma nyengine.

Kuna pahala Zanzibar ambapo neno hili halihitaji shaka yoyote. Mwaka 1969 Abdalla Kassim Hanga na Othman Shariff, wote viongozi waliotokana na ASP, walikamatwa Bara, wakaletwa Unguja, wakauawa bila kesi ya wazi. Kisiwandui kuna kaburi la kusomea dua. Hanga na Othman Shariff husomewa majumbani, kwa sababu walipozikwa hapajulikani.