Je, wajua kwa nini sakiti ya Kimethodisti yenye pauni 400,000 inaweza kuwa na akiba ya miezi miwili tu?

Hesabu za mashirika ya hisani yaliyosajiliwa Uingereza na Wales ziko wazi, na makundi mengi ya makanisa ya Kimethodisti yamo humo. Mtu akifungua hesabu za sakiti moja, yaani makanisa ya jirani yanayoshirikiana wachungaji na mfuko mmoja, anaweza kukuta salio la mamia ya maelfu ya pauni. Akisoma kidogo mbele, anaelezwa kwamba mwakani kila kanisa litaongezewa mchango. Hapo lawama huja haraka: viongozi wamekalia fedha huku wakiwakamua waumini.

Lawama hiyo karibu kila mara inatokana na kusoma mstari mmoja na kuacha mingine. Jambo lenyewe ni geni kuliko linavyoonekana, kwa sababu katika mfumo huu kanisa likifa, sakiti huonekana tajiri zaidi siku ileile inapokuwa imepungukiwa.

Historia tuipitie upesi. Mnamo Februari 15, 1742, Wamethodisti wa Bristol, mji wa Uingereza, walikutana kuzungumzia deni la jengo lao la ibada. Nahodha mmoja aitwaye Foy akapendekeza kila mshirika atoe peni moja kwa wiki. Walipomwambia kuwa wengine hawana hata hiyo, akajibu wamweke yeye na watu kumi na mmoja maskini kabisa, na atakayeshindwa atamlipia. Vikundi hivyo vya kukusanya peni ndivyo John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alivyoona vinafaa kulelea imani, na vikawa uti wa mgongo wake. Miaka michache baadaye makanisa yalikuwa yamepangwa katika sakiti, na Oktoba 18, 1748 viongozi wa sakiti walikutana Todmorden, kaskazini mwa Uingereza, katika mkutano wa robo mwaka wa kwanza ambao kumbukumbu zake zimehifadhiwa. Desturi ya kupeleka fedha kila robo mwaka ingali hai.

Leo fedha hutembea hivi. Kila kanisa la mahali hupeleka mchango wake kwa sakiti. Sakiti hugharimia posho za wachungaji, hutunza nyumba wanazoishi, na hutoa sehemu kwa wilaya, yaani kundi la sakiti, na kwa kazi ya kanisa zima. Posho ya msingi ya mchungaji ni moja nchi nzima, awe anahudumu kijijini penye waumini kumi na tano au katikati ya jiji. Kwa hiyo gharama kubwa kuliko zote haipungui eti kwa kuwa sadaka imepungua. Mchungaji huitwa kwa kawaida kwa miaka mitano, kuanzia Septemba 1, na ahadi hiyo lazima ilipiwe.

Sasa turudi kwenye salio. Fikiria mama aliyeaminiwa uhazini wa chama mtaani kwao. Simu yake inaonyesha shilingi 92,000. Kati ya hizo, 60,000 ni za mwanachama ambaye zamu yake ya kupokea ni Jumamosi. Nyingine 15,000 ni karo ya mpwa wake, iliyotumwa na shemeji kutoka mbali. Kuna 10,000 za rambirambi zinazosubiri kupelekwa matangani. Zake mwenyewe ni 7,000, na kati ya hizo 4,000 keshapanga kujazia gesi. Mtoto akiugua usiku, mama huyu ana shilingi ngapi? Ana 3,000, na akibanwa sana ana 7,000, maana gesi ni mpango wake mwenyewe na anaweza kuuahirisha. Karo ya mpwa hawezi kuigusa, hata kama shule hazifunguliwi hadi mwezi ujao. Akiigusa, hajakopa kwake mwenyewe, amevunja amana. Jirani aliyechungulia simu na kuona 92,000 hakuona uongo, ila alichokiona si jibu la swali lake.

Mhazini wa sakiti anakaa palepale. Tuchukue sakiti ya mfano yenye makanisa manane, wachungaji watatu na pauni 400,000. Pauni 290,000 zimetokana na kanisa lililofungwa na kuuzwa. Pauni 38,000 ni wasia wa muumini aliyeandika kuwa zitumike kwa kazi ya vijana. Pauni 12,000 ni mfuko wa kusaidia wenye shida, ambao katika makanisa mengi ya Kimethodisti kwa desturi hutokana na sadaka ya Meza ya Bwana. Pauni 25,000 zimetengwa na mkutano wa sakiti kwa ajili ya paa la nyumba ya mchungaji. Zinabaki 35,000. Ikiwa sakiti hiyo hutumia pauni 180,000 kwa mwaka, sawa na 15,000 kwa mwezi, basi akiba yake halisi inatosha miezi miwili na siku chache.

Fedha za paa ni kama gesi ya yule mama. Mkutano ulioamua kuzitenga unaweza kukaa tena na kubadili uamuzi, mradi useme hivyo wazi kwenye kumbukumbu zake. Wasia na mfuko wa wenye shida ni kama karo ya mpwa. Hakuna kura ya mkutano wa sakiti inayoweza kuyafuta masharti ya mtoaji kwa urahisi. Sheria za amana zinasimama mlangoni. Nyumba ya mchungaji nayo, hata iwe na thamani ya pauni 350,000, haihesabiwi kabisa kuwa akiba, kwa sababu inatumika kwa kazi na huwezi kulipa bili ya mwezi huu kwa kipande cha ukuta.

Kinachobaki kueleza ni zile 290,000, na hapa ndipo pana utamu.

Kanisa la mahali likikoma kuwapo, mali yake huingia mikononi mwa sakiti. Lakini mali ya Kimethodisti inashikiliwa chini ya amana za mfano, yaani masharti ya pamoja ya kushikilia mali, zilizowekwa na Sheria ya Kanisa la Methodisti ya mwaka 1976, na hati huwa kwa shirika maalumu la wadhamini linalofahamika kwa herufi TMCP. Sakiti husimamia mali, TMCP huishikilia. Jengo likiuzwa, fedha haziendi kwenye akaunti ya kulipia umeme. Kwanza hukatwa tozo ya kanisa zima. Kwa kanuni iliyodumu miaka mingi, tozo hiyo ni asilimia 20 ya pauni 100,000 za kwanza na asilimia 40 ya kinachozidi. Jengo likileta 450,000 baada ya gharama za mauzo, tozo ni 20,000 na 140,000, jumla 160,000. Hizo huenda kwenye mfuko wa vipaumbele vya kanisa zima, ili sehemu ambazo hazikubahatika kuwa na viwanja vya bei nao wapate. Fedha zikitumika kujenga au kununua jengo mbadala, tozo ina msamaha wake. Zinazosalia, 290,000, hukaa kama mtaji wa sakiti na haziguswi bila idhini. Si kwamba zimefungwa kabisa: kanuni huruhusu miradi ya majengo na baadhi ya kazi za utume. Ila hazikukusudiwa kuziba pengo la posho mwezi hadi mwezi.

Tazama basi kilichotokea. Lile kanisa lilipokuwa hai lilikuwa likipeleka, tuseme, pauni 14,000 kwa mwaka. Limefungwa wakati mchungaji amebakiza miaka mitatu ya mwito wake. Sakiti imepoteza 42,000 za mapato iliyokuwa ikiyategemea, kiasi kinachozidi akiba yake huru yote. Wakati huohuo salio limepanda kwa 290,000. Msomaji wa nje anaona neema; mhazini anaona pengo. Makanisa manane yaliyosalia yanaongezewa mchango, nao waumini wanauliza, kwa haki kabisa, fedha za jengo zimekwenda wapi.

Hali hii si ya nadra. Matawi ya Umethodisti wa Uingereza yalipoungana mwaka 1932 yalikuwa na washirika zaidi ya 800,000. Leo hawafiki 200,000. Majengo mengi yamefungwa katika safari hiyo, na kila moja limeacha nyuma mtaji kidogo na ukimya kwenye daftari la michango.

Je, akiba ifaayo ni miezi mingapi? Utasikia miezi mitatu, utasikia sita. Tume ya Hisani, inayosimamia mashirika ya hisani Uingereza na Wales, haijaweka kiwango kimoja kwa wote. Inataka wadhamini wapime hatari zao, wachague kiwango, waeleze kwa nini, kisha wakipitie tena mara kwa mara. Kupima kwa miezi ni njia nyepesi kueleweka, lakini haisemi mengi. Sakiti mbili zenye gharama sawa zinaweza kuhitaji akiba tofauti sana: moja inategemea makanisa manane yanayolingana, nyingine nusu ya mapato yake yatoka kanisa moja lenye wazee watupu. Mimi ningeanza na swali hilo, mapato yanatoka wapi, kabla ya kugusa kikokotoo.

Na akiba ikizidi mno pia ni kosa. Aliyetoa sadaka alitoa ili kazi ifanyike, na wadhamini wana wajibu wa kuzitumia fedha kwa kusudi lake bila kuzilaza pasipo sababu. Sakiti yenye fedha huru za miaka miwili na isiyo na maelezo inastahili kuulizwa kwa sauti.

Kwa wasomaji wa Kenya mifupa ya mfumo huu si migeni. Umethodisti ulifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, ukaletwa na wamisionari kutoka Uingereza, na Kanisa la Methodisti Kenya likajitegemea mwaka 1967. Sakiti zipo, na juu yake sinodi. Tozo za mauzo na kanuni za Tume ya Hisani ni za Uingereza, hivyo mtu asizihamishe kichwakichwa. Lakini tofauti kati ya fedha huru, fedha zilizotengwa na fedha zenye masharti ya mtoaji inaulizika kwenye mkutano wowote wa kanisa.

Anayetaka kujua hali ya sakiti fulani ya Uingereza asiishie kwenye jumla ya mizania. Atafute jedwali linaloigawa mifuko kwa aina zake, kisha aya ya sera ya akiba katika ripoti ya wadhamini, aone kiwango walichojiwekea na kama wamekifikia. Sakiti ndogo zenye mapato yasiyozidi pauni 100,000 kwa mwaka hatazikuta kwenye rejista, kwa kuwa zimesamehewa kujisajili hadi Machi 2031. Kwa hizo itabidi amwendee mhazini na kumuuliza swali moja: kati ya fedha zote hizi, ngapi ziko huru?