Kabla hujaiwasha: Land Rover 109 iliyolala shambani

Wiki iliyopita kijana mmoja alinipigia simu kutoka Karatu, furaha imemjaa. Amepata Land Rover 109, ile ndefu, pikapu ya dizeli, toleo la Series III, iko nyuma ya ghala la kahawa tangu mwenye shamba alipofariki. Swali lake lilikuwa moja tu: "Fundi, niivute na trekta au nilete betri?" Nikamwambia asifanye lolote kati ya hayo mpaka anisikilize. Tuliongea karibu saa nzima, muda wa maongezi ukamwishia kabla sijamaliza. Haya hapa ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale yaliyobaki.

Magari haya nimeyatengeneza hapa Arusha kwa zaidi ya miaka ishirini na bado nayapenda. Injini yake ya dizeli, cc 2,286, inatoa nguvu farasi 62 tu. Ukiipakia ukaanza kupanda ule ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu, utapitwa na kila kitu kasoro punda. Lakini masika yakishafanya barabara ya shamba kuwa uji, hiyo ndiyo gari itakayotoka na mzigo wakati zile za kisasa zinasubiri trekta. Na unaweza kuitengeneza ukiwa porini kwa spana chache. Ndiyo maana wakulima wa Karatu na Mbulu wanazitafuta mpaka leo, na ndiyo maana zilizolala zina thamani.

Tatizo ni kwamba mnunuzi akifika shambani anauliza kwanza, "Inawaka?" Muuzaji naye anajua hilo ndilo swali, kwa hiyo ataleta betri ya kuazima, ataiwasha, moshi utatoka, hela itatolewa. Mimi nakwambia injini iache mwisho kabisa. Injini ya 109 hutengenezeka, na isipotengenezeka hupatikana nyingine. Unachonunua ni chesi, ile fremu inayobeba gari zima, na kadi ya usajili.

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, urithi wa mwaka 1948 gari hili lilipoanza, chuma kikiwa haba Uingereza baada ya vita. Aluminiamu haili kutu nyekundu, kwa hiyo gari linaweza kukaa kwenye nyasi miaka kumi na bado likakutazama kama zima. Chini yake ndiko kwenye maneno. Chesi ni bati nene la chuma lililochomelewa likawa kama boksi refu, na ndani ni tupu. Matope yenye mbolea na mavi ya ng'ombe huingia kwa matundu, yanakauka humo, mvua ikija yanalowa tena. Chesi inaoza kutoka ndani kuja nje. Ukiiona kutu kwa nje, ujue ndani ilishamaliza kazi.

Mwaka juzi nilikwenda Mang'ola na mteja wangu, mkulima wa vitunguu, kuangalia 109 ya mama mmoja mjane. Alitupokea vizuri sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Hiyo inawaka, baba yenu aliiendesha mpaka mwaka wake wa mwisho."

Sikubisha. Niliingia chini na nyundo ndogo na bisibisi. Ukigonga chuma kizima kinalia kama kengele. Kilichooza kinajibu kwa sauti nzito, kama debe lenye mchanga. Nilianza mbele pale springi zinaposhikwa, nikarudi nyuma taratibu, nagonga kila kiganja kimoja. Reli ndefu zote mbili zililia vizuri. Nikafika mkono wa chesi unaoshika tangi la mafuta: debe. Nikafika boriti ya nyuma kabisa, ile inayobeba ndoano ya kuvutia tela. Nikaweka ncha ya bisibisi na kusukuma kwa kiganja tu, ikazama mpaka mpini. Nilipoichomoa likamwagika vumbi jekundu, laini kama ugoro, likafuatwa na mchanga mweupe wa upande ule wa Ziwa Eyasi, wenye magadi. Udongo wa namna hiyo hula chuma hata kiangazi.

Nikamwita mama aje aone mwenyewe. Naamini katika hilo: ubovu muoneshe mwenye mali, usimnong'oneze mnunuzi. Aliinama, akashika lile vumbi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi punguzeni hapo palipooza, lakini msiniue." Bei ikapatikana bila ugomvi.

Boriti ya nyuma na ile mikono ya pembeni hukatwa na kuchomelewa mipya, kazi ya siku chache kwa mchomeleaji anayejua. Lakini ukiikuta reli ndefu yenyewe imeoza, hasa pale inapojikunja kupita juu ya ekseli, rudi nyumbani. Angalia pia ule ukuta unaotenganisha injini na abiria, kwa sababu huo ni wa chuma. Inua mkeka uangalie pale miguu inapokanyaga, na chini ya bawaba za milango.

Kadi sasa. Namba ya chesi ya Series III imegongwa kwenye chesi mbele upande wa kulia, kwenye kishikio cha springi. Chukua brashi ya waya na mafuta ya taa, usafishe mpaka isomeke, uilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Namba ya injini iko kwenye bloku upande wa kushoto, karibu na manifodi ya ekzosi. Nyingi zimeshawekewa injini nyingine, za Isuzu au Toyota, na kadi haikubadilishwa. Hilo si kosa la kukimbia, ila lisawazishwe TRA, mamlaka ya mapato, kwa jina la muuzaji kabla hujatoa hela yote. Na kama mwenye jina kwenye kadi amefariki, muulize aliyebaki kama mirathi imefunguliwa na msimamizi ni nani. Yule mama wa Mang'ola alikuwa na barua ya mahakama kwenye bahasha, na ndiyo iliyotufanya tulale usingizi.

Gari limenunuliwa. Hapa ndipo watu wanapoua injini ambayo ilikuwa hai.

Nikiwa kijana wa gereji tulivuta 109 iliyolala, kwa trekta, gia ya tatu, watu wanashangilia. Magurudumu yakaburuza, kisha injini ikazunguka kwa kishindo. Valvu mbili zilikuwa zimeganda kwenye njia zake. Pushrodi, vile vijiti vinavyosukuma valvu, zikapinda, na ringi za pistoni moja, zilizokuwa zimegandana na silinda, zikavunjika na kuchora ukuta wake. Mwenye gari alikuwa amekopa kulinunua. Uso wake siku ile ndio unaonifanya niandike haya.

Kwa hiyo nenda polepole. Anza na chujio la hewa, lile lenye bakuli la oili. Kwenye ile ya Mang'ola tulitoa kiota cha panya kizima, nyasi, pamba ya kiti na maganda ya alizeti. Kingevutwa ndani siku ya kwanza. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na kwa injini hii shuku silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, maana hupasuka katikati ya valvu. Kisha mwaga oili yote hata kama inaonekana safi, ubadilishe na filta.

Fungua nozeli zote nne, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, na plagi za kupasha moto. Tia kijiko kikubwa cha oili mchanganyiko na dizeli kwenye kila silinda, uache siku mbili au tatu. Usijaze, maana oili haibanwi kama hewa. Siku ya tatu fungua kifuniko cha roka, kile cha juu ya valvu, ubonyeze valvu moja moja kwa mpini wa nyundo. Inayoshuka na kurudi ni nzima. Inayoshuka ikabaki chini imeganda. Iloweshe, iguse taratibu, urudie kesho. Hapo ndipo unapochukua hendeli ya mbele na kuzungusha injini kwa mkono, matundu yakiwa wazi. Mgandamizo wa dizeli hii ni 23 kwa 1, kwa hiyo usijaribu kuizungusha ikiwa imefungwa, utajiumiza. Ikikataa, irudishe nyuma kidogo, mbele kidogo. Ya Mang'ola ilitoka siku ya nne, kwa mlio kama mlango wa zamani. Mteja wangu alikaa chini kwenye nyasi akacheka.

Tangi ulifungue utoe kila kitu. Dizeli ya miaka mingi ina maji chini na utando mweusi unaonata, na utando huohuo uko ndani ya pampu ya CAV, ile inayopeleka mafuta kwenye nozeli. Kuna valvu ndogo mle ya kupimia mafuta. Ikinata imefunga, gari haliwaki. Ikinata imefungua, injini itawaka na kupanda mizunguko bila kukusikiliza. Ndiyo maana siku ya kuwasha huwa naweka mtu mwenye ubao bapa kwenye mdomo wa kuingizia hewa. Akisikia injini inapaa, anaziba. Ubao, kamwe usiwe mkono.

Plagi za kupasha moto zimesumbua wakulima wengi kuliko kitu kingine. Kwenye injini hii zimeungwa kwa mfululizo, umeme unapita ya kwanza kwenda ya pili mpaka ya nne. Moja ikikatika, zote zimelala, na asubuhi ya baridi ya Karatu gari haliwaki hata ulilie. Mtu anaambiwa pampu imekufa, ananunua pampu. Pima plagi kwanza. Mimi siku hizi naweka za aina ya baadaye, kila moja na umeme wake, ikifa moja tatu zinabaki.

Halafu utoe upepo kwenye njia ya dizeli. Bonyeza kile kiwiko kidogo cha pampu ya kuvutia mafuta pembeni ya injini. Ukikiona kinacheza bila kusukuma kitu, pampu haijafa: kemu inayoisukuma imesimama pabaya, zungusha injini mzunguko mmoja kwa hendeli ujaribu tena. Legeza nati ya juu ya filta ya dizeli. Kwanza linatoka povu jeupe, kisha mafuta yanayokohoa, kisha mafuta yanayotiririka kimya. Funga hapohapo. Fanya hivyo kwenye skrubu za pampu, na mwisho kabisa kwenye nati za paipu za nozeli huku starta inazungusha.

Kabla ya hapo, ukiwa bado hujarudisha plagi, vuta waya wa kuzimia na uzungushe starta mpaka taa ya oili izimike. Beringi zilizokaa kavu miaka kumi zinastahili angalau hilo. Baadaye ndipo urudishe kila kitu, upashe moto, ugeuze ufunguo. Moshi mzito ni wa kawaida, ule mchanganyiko uliomimina unaungua. Ukiisha baada ya dakika chache, fungua kifuniko cha kujazia oili. Pumzi ndogo haina neno. Ikikupulizia kama treni, ringi zimekwisha, na oveholi inakusubiri.

Klachi huenda imegandana na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Acha injini ipate moto, izime, weka gia ya kwanza, kanyaga klachi mpaka chini na uwashe mahali peupe, kisha gusa breki mpaka iachie. Breki zenyewe usizijaribu zikiwa za zamani, zibadilishe kabla ya hapo: mpira wa kila silinda ya gurudumu, masta silinda, na hosi zote, hata zinazong'aa, kwa kuwa huvimba kwa ndani na kushikilia gurudumu. Tairi za 7.50-16 zenye nyufa ubavuni zifae kwa bembea ya watoto. Usukani ukiwa mzito, ile rilei ya usukani (kiungo, si ya umeme) iliyosimama mbele katikati ya chesi huwa imekauka, ijaze oili kwa juu. Usiifungue bila kuifunga vizuri, ndani mna springi kali inayoruka kama risasi.

Ya Mang'ola ilipofikisha kilomita 500 ilirudi kwangu. Nikamwaga oili tena, nikapima nafasi za tapeti zote za valvu kwa inchi 0.010, nikagonga boriti mpya ya nyuma. Ililia vizuri. Magunia ya vitunguu yalishaipa harufu yake.

Jana kijana wa Karatu kanitumia picha. Namba ya chesi imesuguliwa kwa brashi, inasomeka yote, na pembeni kaishika kadi. Zinalingana. Betri bado hajanunua.