Kikao cha soba ni kitu gani?

Ukimsikia mtu wa Masasi anasema "Alhamisi naenda kikaoni", na unajua hana VICOBA wala harusi ya kuchangia, huenda anazungumzia kikao cha watu wanaoacha pombe. Neno soba tumelizoea kwenye soba hausi, nyumba ambamo mtu hukaa miezi kadhaa ili atoke kwenye ulevi au unga. Kikao cha soba hulali. Unaingia, unaketi saa moja au saa na nusu, unasikiliza, ukipenda unaongea, unarudi kwako. Wanaoketi hapo ni watu ambao pombe iliwashinda, na hakuna mtaalamu anayewasimamia.

Utaratibu unaofahamika zaidi ni wa Alcoholics Anonymous, ulioanzia mji wa Akron, Marekani, mwaka 1935. Bill, mtu wa New York aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alikwenda huko kibiashara na biashara ikamwangukia. Akajikuta peke yake hotelini, baa iko hatua chache kutoka aliposimama. Akaenda kwenye simu, akapigia watu wa makanisa akiulizia mlevi yeyote wa kuongea naye. Hakuulizia mshauri wala daktari, aliulizia mlevi. Akaunganishwa na mmoja ambaye, kumbe, alikuwa daktari wa upasuaji, naye kanywa hadi kazi inamponyoka. Yule daktari alikubali kumpa dakika 15, wakakaa kwa saa kadhaa. Tarehe 10 Juni mwaka huo, inayohesabiwa kuwa siku daktari alipokunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayoadhimishwa kuwa mwanzo wa chama.

Mpaka leo kikao kinaendeshwa kwa mantiki ileile. Mtu anasimulia yake, wengine hawamkatizi wala kumpa mawaidha. Sharti la kuingia ni moja: uwe unataka kuacha kunywa. Kiingilio hakuna, kikapu kinapitishwa, mwenye chochote anatia, asiye nacho anakipitisha. Mungu anatajwa, ila kila mtu kwa anavyomwelewa mwenyewe, kwa hiyo Mwislamu na Mkristo wanaketi benchi moja. Mgeni hutafuta mlezi, yaani mtu aliyetangulia kuacha, ambaye anaweza kumpigia usiku kiu ikibana. Vipo vikao vya wazi, ambavyo hata mke au kaka anaweza kuhudhuria, na vya wenyewe kwa wenyewe.

Kinachowatia watu wengi hofu huku kwetu ni siri. Mtwara mjini bodaboda anajua nyumba yako kabla hujamwelekeza. Newala au Ruangwa ndiyo usiseme. Kwa Mwislamu aibu ni maradufu, maana hata kukiri kwamba anakunywa ni kesi nyingine. Ndiyo maana kikaoni linatajwa jina moja tu, na uliyoyasikia huyatoi nje, hata kwa mkeo. Unaweza kumkuta humo mwalimu wa mwanao. Tulia: na yeye kakukuta.

Jambo jingine la kwetu ni msimu. Mabibo yakianza kuiva, uraka, pombe ya mabibo, uko kila kona, nipa, gongo yake, inafuata, na hela za mnada wa korosho zinaingia mfukoni mwa mtu aliyekaa soba tangu masika. Wengi huacha kikao kipindi hicho wakisema korosho zimewabana. Kwa maoni yangu ni kinyume chake: mwezi wa kumi na moja ndio wa kuhudhuria mara mbili zaidi.

Sasa tahadhari, na hapa sitanii. Kama unakunywa kila siku na asubuhi huwezi kushika kikombe bila kuzimua, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Ndani ya siku chache za mwanzo mtu anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, na wapo wanaokufa. Anzia hospitali: Ligula, Sokoine pale Lindi, Ndanda au Nyangao. Ukishatulia, kikao kinafuata.

Kukipata, ulizia kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya mkoa, au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Ukiona haya, mtume mtu aulize bila kukutaja. Vipo pia vikao vya intaneti, vingi kwa Kiingereza. Unahitaji bando, spika za masikioni na chumba kisicho na wasikilizaji, na si lazima uoneshe sura. Familia nazo zina chama chao, Al-Anon, kilichoanza 1951, kwa sababu anayeishi na mlevi huumwa kivyake.

Na kama karibu nawe hakuna kabisa? Kwa desturi ya Alcoholics Anonymous, walevi wawili au watatu wanaokutana ili wakae soba wanatosha kuitwa kikundi. Tafuta mwenzio mmoja aliyechoka kama wewe. Chagueni siku na saa isiyobadilika, mahali palipo mbali na kilabu, mkeka na birika la chai. Mmoja aongee dakika kumi mwenziwe akinyamaza, kisha mbadilishane. Jirani akiuliza mnafanya nini, mwambieni mna kikundi. Huku kila mtu ana kikundi.