Ndege kutua uwanja usio wake: je, rubani alipotea?

Ukisikia ndege ya abiria imetua uwanja usio wake, wazo la kwanza ni kwamba rubani alipotea njia au kompyuta ilimdanganya. Mara nyingi si hivyo. Mitambo huwa inaonyesha sawasawa; kosa huingia dakika za mwisho, rubani anapoinua macho, akaona taa mbele yake na kusema, "Nauona uwanja."

Usiku wa Januari 12, 2014, Boeing 737 ya shirika la Southwest ilikuwa ikienda Branson, jimboni Missouri, Marekani. Ikatua kiwanja kidogo cha jirani, chenye njia ya kurukia na kutua ya mita 1,140 hivi, zaidi kidogo ya nusu ya ile ya Branson. Njia zote mbili zinaelekea karibu upande mmoja, na hapo ndipo penye mtego: dira inakubaliana na macho, taa zinawaka, na mnara wa uwanja umeshamruhusu rubani kutua kwa kuamini kauli yake mwenyewe. Breki zilishikwa kwa nguvu, abiria wakasikia harufu ya mpira ulioungua.

San Francisco, Julai 2017, nusura iwe mbaya zaidi. Njia moja kati ya mbili sambamba ilikuwa imefungwa na kuzimwa taa. Marubani wa Air Canada wakaanza kuishukia barabara ya pembeni, ile ya ndege kutembea ardhini, ambako ndege nne zilikuwa zikisubiri kuruka. Redio ya kuongozea kwenye njia sahihi, ambayo ingewashtua mapema, haikuwa imewekwa kwenye masafa yake.