Mtoto anatapika: maswali ya wazazi

Mwanangu wa miezi miwili hutoa maziwa kila akinyonya. Anatapika?
Kama maziwa yanachuruzika tu na uzito wake unapanda, huko ni kucheua. Mweke begani akishanyonya. Kutapika ni pale tumbo linapojikamua na kusukuma vitu nje kwa nguvu.

Husababishwa na nini?
Mara nyingi ni virusi vya tumbo, hasa rota, na kuhara hufuata. Chanjo ya rota ni ya matone, kuanzia wiki ya 6. Hebu tazama kadi yake ya kliniki. Kiporo kilichoharibika nacho hutapisha, pengine ndani ya saa chache tu. Ila akiwa na homa, tafadhali usiseme "ni tumbo tu": malaria huanza hivyohivyo. Apimwe.

Bibi yake anasema nisimpe maji, tumbo lipumzike.
Bibi anamtakia mema, lakini hapa tusimfuate. Kinachoua watoto ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Koroga ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena taratibu: kijiko cha chai kila baada ya dakika moja au mbili. Mtoto mwenye kiu atakililia kikombe. Ukimpa chote kwa mkupuo, kitarudi chote. Huna pakiti? Maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi, ni hatari. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Ametapika dawa mseto ya malaria.
Ikiwa nusu saa haijapita, mrudishie dozi hiyo, kisha kaombe nyingine kituoni ili zisipungue.

Amekunywa mafuta ya taa. Nimtapishe?
Hapana! Wala usimpe maziwa ili atapike. Mafuta yakipanda tena huweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali, na chupa uibebe.

Niende hospitali lini?
Leo hii, hata kama ni usiku, ikiwa anatapika kila anachopewa, matapishi yana damu au ni ya kijani, macho yamedidimia, amelegea, hajakojoa kwa saa 6, shingo imekakamaa, au alianguka akagonga kichwa. Njiani endelea kumpa ORS kwa kijiko, mradi yuko macho na anaweza kumeza.